Sifuri Tano za Kijito cha Darajani

Jumatatu, 9 Septemba

Siku mbaya. Mkuu wa ofisi ametuita wawili, mimi na Bi Lenzi, akatukumbusha kwamba ripoti ya kijito inatakiwa Ijumaa. Ijumaa hii! Nimeitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kumaliza zamani. Sijaanza.

Nieleze kidogo, kwa faida ya watakaoisoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa. Ofisi yetu ya maji imepewa kazi ya kupima kijito kinachopita chini ya daraja, hatua mia mbili kutoka mlangoni kwetu. Maswali ni mawili. Je, watu wanaweza kuogelea humo bila kuugua? Hilo ni langu. Je, samaki na wadudu wa majini wanaishi humo kwa raha? Hilo ni la Bi Lenzi. Kila mtu anaona swali lipi ni kubwa. Mimi nashughulikia binadamu, yeye anashughulikia wadudu.

Bi Lenzi si jina lake. Nimempa mimi, kwa sababu anavaa lenzi ya mkono shingoni kwa kamba, kama mkufu. Ana miezi minne tu hapa. Mimi nina miaka kumi na tano. Lakini mwisho wa mwezi Mkuu atateua Msimamizi wa Sampuli, cheo chenye ofisi ya peke yake, dirisha, na ufunguo wa gari. Nimesikia jina la Bi Lenzi likitajwa. Langu nalo limetajwa, ila lilikuwa kwenye mazungumzo ya kuchelewa kazini.

Kanuni inataka sampuli tano, siku tano tofauti, ndani ya mwezi mmoja. Mwezi niliopewa umekwisha. Mpango: kesho nachota zote tano kwa mpigo mmoja na kuandika tarehe tofauti kwenye kila chupa. Maji ni yale yale. Kijito hakina kalenda.

Jumanne, 10 Septemba

Nimechota. Chupa tano, dakika nne. Kitabu kinasema usimame katikati ya mkondo, uelekeze mdomo wa chupa kule maji yanakotoka, na usiguse ndani ya kifuniko. Mimi nimesimama ukingoni. Viatu ni vipya. Maji yalikuwa ya kahawia, yana majani, na chupa moja ilikuwa na kitu kinachotembea.

Bi Lenzi alikuwa juu kidogo ya daraja, upande maji yanakotoka, ndani ya maji mpaka magotini, anavuruga mawe kwa mguu huku amekinga wavu kwa chini. Kisha anamwaga kila kilichonaswa kwenye trei nyeupe na kukiinamia kwa kibano, anatabasamu peke yake. Mtu mzima! Akaniuliza kama nina barafu ya kutosha kwenye sanduku la baridi. Nikasema tele. Sanduku nilikuwa nimelisahau.

Sampuli zilitakiwa zifike maabara ndani ya saa sita. Lakini Mkuu alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi, na chupa tano zenye tarehe tano zingemfanya aulize maswali. Nimekata kona nikazipeleka nyumbani, nikazipanga kwenye friji nyuma ya maziwa. Baridi ni baridi tu, haijali iko kwenye friji ya nani.

Mama mkwe akaniuliza nimeficha nini humo. Alikuja kututembelea wiki mbili, na huu ni mwezi wa tano. Nikamjibu kwa adabu kwamba ni mambo ya kazi, Mama, usijisumbue. Kisha nimelala mchana saa mbili nzima. Usingizi mtamu.

Jumatano, 11 Septemba

Ajabu! Chupa nimezikuta maji yametulia, meupe pe. Unaweza kusoma gazeti ng'ambo ya chupa. Hata tope chini hakuna. Baridi ya friji imelimaliza kabisa. Sijui kwa nini kitabu hakitaji njia hii. Labda waliokiandika hawakuwa na friji.

Maabara yetu ni chumba kimoja, na msaidizi wa maabara ni mimi. Nimechuja maji, nimeweka vile vikaratasi vya kuchujia kwenye sahani zake ndogo, nimezifungia kwenye kabati la joto. Kesho nahesabu vidoa. Kila kidoa kinachoota ni ukoo mzima wa bakteria wa kinyesi. Kikomo cha ofisi yetu kwa maji ya kuogelea ni vidoa mia moja ishirini na sita.

Alhamisi, 12 Septemba

SIFURI! Sahani tano, sifuri tano! Hakuna hata kidoa cha kusingiziwa. Kijito hiki ni kisafi kuliko bomba la nyumbani kwangu. Na nani amekigundua? Mimi.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimewasilisha ripoti. Mkuu amesimama, akanishika mkono. Kumbe shule ya msingi ya jirani ilikuwa imemwandikia barua, inatafuta mahali pa kuwafundisha wanafunzi kuogelea, na yeye alikuwa anaogopa kuwajibu. Ameijibu hapo hapo, mbele yangu. Jumamosi ijayo, wanafunzi arobaini, kijitoni, chini ya daraja. Mimi mgeni rasmi!

Bi Lenzi ameomba wiki moja zaidi. Eti juu ya daraja, kule maji yanakotoka, ana wadudu wazuri sana, wale wachanga wenye mikia mitatu, ambao maji yakichafuka kidogo tu wanakufa. Chini ya daraja hawapo. Kuna minyoo myekundu mitupu, ile inayostawi penye uchafu. Anasema kati ya hapa na pale kuna kitu kinaingia. Kisha akanigeukia akauliza, sifuri zote tano? Akasema hata mbuzi wakinywa maji mara moja tu huwezi kupata sifuri.

Nimemwambia asihuzunike, kazi ya wadudu ni ngumu, na watu wataelewa akishindwa. Uso wake! Nimepima dirisha la ofisi mpya kwa hatua zangu. Litahitaji mapazia mawili.

Jumamosi, 14 Septemba

Binti yangu, darasa la tatu, ni mmoja wa wale arobaini. Tangu apate habari hatembei, anaogelea. Analala kifudifudi juu ya kigoda sebuleni, anapiga mikono na miguu, anahesabu moja, mbili, pumua. Ameangusha redio. Ameniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyeyasafisha maji. Sikutaka kumkatisha tamaa. Nimesema ndiyo.

Jumapili, 15 Septemba

Sijui nianzie wapi. 

Tulikuwa mezani. Nilikuwa namsimulia mke wangu habari za sifuri, kwa mara ya tatu tu, mama mkwe akadakia. Akasema afadhali nimelitaja jambo la maji, maana limekuwa likimkera moyoni. Jumanne alifungua friji akakuta chupa tano za maji machafu, moja ina mdudu. Akadhani ndiyo maji tunayokunywa kazini.

"Nikakuonea huruma, mwanangu," akasema. "Nikayamwaga yote. Nikaziosha chupa kwa sabuni na maji ya moto, nikakujazia maji yaliyochemshwa. Mkwe wangu hawezi kwenda kazini na maji kama yale, watu wakasema kwake hakuna wanawake."

Tonge lilinikwama kooni. Mke wangu akanipiga mgongoni. Mama mkwe akasema si lazima nimshukuru.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimerudi kijitoni nikachukua sampuli moja ya kweli. Nimeingia mpaka magotini. Viatu basi tena. Nimeelekeza mdomo wa chupa kule maji yanakotoka, sikugusa kifuniko, nimeiweka kwenye barafu, nimekimbia nayo mpaka maabara. Miaka kumi na tano, na hii ndiyo mara ya kwanza nafanya vile kitabu kinavyotaka. Inachosha.

Jumanne, 17 Septemba

Nimehesabu vidoa mpaka mia nne nikaacha. Vilivyobaki vilikuwa vimeshonana, sahani nzima kama imepakwa rangi.

 Binti yangu jana alinionyesha jinsi atakavyofumbua mdomo ili avute pumzi. Anaufumbua wote.

Nikimwambia Mkuu ukweli, cheo kimekwenda, na kazi pengine imefuata. Kwa hiyo nitaizuia siku ya kuogelea kwa njia nyingine. Akili ninayo.

Nimekwenda shuleni nikamweleza mwalimu mkuu kwamba maji ni safi mno, ila ni ya baridi kupita kiasi, watoto watapata mafua. Amenishukuru sana kwa kuwajali. Amewaagiza waje na sweta.

Jumatano, 18 Septemba

Mpango wa pili. Asubuhi na mapema, kabla watu hawajaamka vizuri, nimesimamisha kibao pale chini ya daraja. HATARI. MAMBA. Herufi kubwa, rangi nyekundu. Kazi safi.

Saa tatu Mkuu ameniita. Kibao kilikuwa juu ya meza yake. Amefoka mpaka miwani ikamtoka. Anasema aliyekisimamisha ni adui wa maendeleo, kijito chenyewe hakina nafasi ya mamba kugeuka. Kisha akasema anamwamini mtu mmoja tu katika ofisi hii kumtafuta mhalifu. Mimi. Amenipa siku mbili. Amenishauri nianze na kukagua mwandiko wa kila mtu, pia nitazame nani ana rangi nyekundu kwenye kucha.

Nimetoka mikono ikiwa mifukoni.

Alhamisi, 19 Septemba

Hakuna njia, nimekwenda kwa Bi Lenzi. Nimempelekea maandazi manne. Nimemsifia lenzi yake. Nimemwambia nimefikiri sana juu ya ile minyoo yake myekundu, na pengine angemweleza Mkuu kwamba viumbe wa majini wana hali mbaya, wasisumbuliwe na watoto. Afunge kijito kwa upande wake.

Amekula andazi moja polepole. Akasema alikwenda kwa Mkuu Jumatatu, na Jumanne, na jana. Oksijeni chini ya daraja ni nusu ya ile ya juu. Hakuna samaki hata mmoja. Mkuu alimjibu kwamba sifuri ni sifuri, na kwamba wivu haupendezi kwa mtu msomi. Akanitazama. Akasema angepata mtu wa maabara wa kusema zile namba si sahihi, sentensi moja tu, kila kitu kingesimama leo.

Sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilihisi uzito wake kwenye ulimi. Kisha nikaliona lile dirisha, na mapazia.

Nikamwambia ajaribu tena kesho, huenda Mkuu akawa na moyo mwepesi. Nimerudi na maandazi matatu.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimemwambia binti yangu kwamba kesho anaumwa. Amejipapasa paji la uso, akasema haumwi. Nikamwambia dalili zitakuja. Akaanza kulia. Mama yake akatoka jikoni akauliza mtoto amefanywa nini, na mimi nikajibu kwamba sijui, watoto wa siku hizi wana machozi karibu.

Mke wangu amenitazama kwa muda mrefu. Akauliza kama kuna jambo. Nikasema hakuna. Amemshonea kofia ya kuogelea kwa kitambaa cha mwavuli wa zamani. Imekaa vizuri sana. Sikula.

Jumamosi, 21 Septemba

Naandika nikiwa kitandani. Ndoo iko karibu.

Walikuwa arobaini kweli. Wamejipanga mstari ukingoni na sweta zao, wanaruka ruka. Mkuu kavaa suti. Mwalimu mkuu kashika filimbi. Mke wangu alikuwa kazini, lakini mama mkwe alikuwepo, taulo begani, amekuja kumwona mjukuu. Bi Lenzi alisimama pembeni, mikono kifuani, amekunja uso kama mtu anayesubiri ajali barabarani.

Mkuu akatoa hotuba. Akanitaja mara sita. Akasema kwa heshima ya baba, mtoto wa kwanza kuingia atakuwa binti wa mpimaji mwenyewe.

Binti yangu akatoka mbele na ile kofia. Akapanda jiwe. Akanipungia mkono. Akainua mikono juu kama alivyofanya kwenye kigoda, akafumbua mdomo wote, mwalimu mkuu akaanza kuhesabu. Moja. Mbili.

Sikupanga chochote. Naapa. Miguu ilikwenda yenyewe. Nilikimbia, nikamshika kiunoni, nikamrusha kwenye nyasi, nikateleza kwenye jiwe lile lile na kutumbukia mzima mzima. Nikanywa. Nilipoibuka nilisikia sauti yangu inapiga kelele, watu wa barabarani wakasimama kutazama:

"Msiingie! Maji ni machafu! Sikupima!"

Watoto arobaini wananitazama. Mkuu ananitazama. Jani limenikaa juu ya kichwa.

Hapo akili ikanirudia. Nikasafisha koo nikasema nilimaanisha sikupima kina. Kina cha maji. Usafi hauna shida hata kidogo.

Mkuu akaanza kuitikia kwa kichwa, akaanza kunielewa, nilimwona kwa macho yangu! Ndipo mama mkwe akasogea mbele na taulo lake, akamwambia Mkuu, baba, msimlaumu kijana huyu, kosa la zile chupa ni langu. Akaeleza yote. Friji. Maziwa. Mdudu. Sabuni. Maji yaliyochemshwa. Alieleza polepole na kwa sauti, ili hata watoto wa nyuma wasikie. Akataja na ule usingizi wangu wa saa mbili.

Mwalimu mkuu aliwarudisha watoto shuleni kwa mguu. Binti yangu hakunitazama. Bi Lenzi ndiye aliyenipa mkono nikatoka majini. Hakusema neno. Ningependa angesema.

Jumatatu, 23 Septemba

Siwezi kuandika sana. Sahani ile ilisema kweli, kila kidoa. Daktari wa zahanati ameniuliza nimekula nini. Nimesema kijito.

Binti yangu ameanza kusema nami. Amesema angalau ningemwacha aloweshe vidole. Nimemwambia atazame ndoo yangu. Akatazama. Akanifunika shuka mpaka shingoni na kwenda kumnong'oneza bibi yake kwamba nahitaji maji mengine yaliyochemshwa.

Jumatano, 25 Septemba

Nimeripoti kazini kupokea barua ya kufukuzwa. Nilikuwa nimejiandaa, hata hotuba ndogo nilikuwa nayo.

Nimekuta ofisi nzima inaongea kwa kunong'ona. Kumbe jana Bi Lenzi alikuwa akifuatilia kile kitu kinachoingia pale darajani. Amenunua rangi ya kijani, ile isiyodhuru viumbe, akawa anaimwaga kwenye vyoo vya majengo yote ya mtaa huu, kimoja baada ya kimoja, kisha anakimbia kutazama kijito. Kwa mwokaji mikate, hakuna kitu. Kwa fundi cherehani, hakuna kitu. Shuleni, hakuna kitu. Mwisho akamwaga kwenye choo cha ofisi yetu wenyewe. Dakika kumi baadaye kijito chini ya daraja kilikuwa kijani kibichi. Bomba la maji taka la ofisi ya maji limepasuka, na limekuwa likimwaga kijitoni tangu nani ajuaye.

Choo chenyewe ni kile cha ghorofa ya juu. Funguo anazo Mkuu peke yake.

Nilipoingia Mkuu alifunga mlango taratibu. Barua ilikuwa mezani, nimeiona, jina langu liko juu. Aliigeuza chini juu. Akasema katika maisha watu hukosea. Akasema hakuna haja ya mambo haya kufika mbali, au mimi naonaje. Nikasema naona vivyo hivyo. Akasema bomba linazibwa wiki hii, kijito kitapimwa upya, kwa kanuni, sampuli tano siku tano, na watoto wataogelea namba zikiruhusu. Mpimaji atakuwa Bi Lenzi, peke yake, kwa maswali yote mawili. Cheo ni chake tangu leo.

Na mimi? Msaidizi wake.

Nimempongeza Bi Lenzi. Amenishukuru, kisha akaniuliza viatu vyangu vya maji ni namba ngapi.

Jumatatu, 30 Septemba

Siku njema kabisa!

Bi Lenzi, yaani Msimamizi, amenipa trei moja iliyojaa na kibano. Maagizo: kila mdudu atolewe mmoja mmoja, apangwe kwa aina yake, ahesabiwe, aandikwe, ndipo warudishwe majini. Akaniambia nisiwe na haraka. Akaenda kukaa kwenye dirisha lake. Ameweka pazia moja tu. Hajui.

Nilianza vizuri. Nilifika mdudu wa thelathini na nane, shingo ikaniuma. Ndipo nikatazama ile trei kwa jicho la kitaalamu. Ina pembe nne. Nimehesabu pembe moja nikazidisha kwa nne. Wale wa pembe nyingine ni ndugu wa hao hao, watatofautiana wapi? Nikawarudisha wote kijitoni upesi, kwa huruma.

Dakika arobaini! Msimamizi ametazama saa mara mbili. Amesema yeye mwenyewe trei moja humchukua saa tatu. Ameisoma karatasi yangu kwa ile lenzi yake, mstari kwa mstari. Akauliza kuhusu samaki wanne. Nikamthibitishia, wanne. Yeye alikuwa amemwona mmoja. Nikasema samaki huwa wanajificha mbele ya wakubwa.

Akaikunja karatasi. Kisha akasema, kwa upole sana, kwamba Jumatano wanakuja wageni sita kutoka makao makuu kujifunza kazi hii, na kwamba kipaji kama changu hakifai kufichwa. Anataka nihesabu trei nzima mbele yao, wao wakihesabu pamoja nami.

Nimekubali papo hapo. Hatimaye mtu katika ofisi hii ametambua thamani yangu! Sita kutoka makao makuu! Watauliza jina langu. Wataniandika kwenye madaftari yao.

Na mpango ninao tayari. Trei nitaiweka upande wa magharibi, wageni nitawasimamisha wakilitazama jua. Mtu anayefinya macho hahesabu.